Mada ya mtoko iwe na ubishi ndani yake

Swali la msomaji: "Mimi ni mkazi wa Tabata, Dar es Salaam. Huu ni mwaka wa tisa tangu niolewe. Mimi ni mtu wa Tanga na mume wangu ni Mchaga wa Rombo. Tulikubaliana kutoka kwenda kula mara moja kwa mwezi, Jumamosi ya mwisho, watoto wakibaki na mdogo wangu. Lakini kila mwezi tunaishia baa ileile, kuku na chipsi, kila mmoja na simu yake. Rafiki yangu amenishauri kila mtoko tuupe mada yake. Nimejaribu kupanga nikakwama, kwa sababu mume wangu hapendi hoteli za kujionyesha na husema chakula kisicho na nyama si chakula, mimi sili kitimoto, na bajeti yetu ni shilingi 50,000 pamoja na nauli. Mada zipangwe vipi, na nani azipange?"

Dada yangu, rafiki yako amekushauri vizuri, ila amekuachia mzigo bila kukuonyesha pa kuushika. Nimefanya kazi ya chakula kwa miaka 23, kwanza jikoni, kisha ukumbini nikiwafundisha wahudumu, na katika muda huo nimewatazama wanandoa wengi wakiwa mezani. Wanaoshika simu si lazima wawe wamechokana. Mara nyingi wamemaliza maswali yote kabla hawajaketi: wanajua watakaa wapi, watakula nini, kitaletwa baada ya muda gani na kitakuwa na ladha gani. Mtu aliyekwisha kuyajua hayo yote hana la kumwambia mwenzake ila habari za nyumbani, na habari za nyumbani mlizizungumza nyumbani, pengine zaidi ya mara moja. Kwa maoni yangu kazi ya mada ni kurudisha swali moja mezani, swali ambalo haliwezi kujibiwa mpaka chakula kiliwe, na ambalo ninyi wawili mnaweza kulijibu kwa namna mbili tofauti bila yeyote kuonekana amekosea.

Kwa kipimo hicho, mada nyingi zinazosifiwa huanguka mapema. Mwaka mmoja mimi na mke wangu tulijaribu usiku wa rangi nyeupe: tukavaa nyeupe, tukatafuta mgahawa wenye vitambaa vyeupe, tukaagiza kile tulichokuwa tunaagiza siku zote. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba nilikula kwa woga, na woga wangu haukunisaidia, kwa sababu mchuzi wa ukwaju ulinidondokea kifuani kabla hatujafika nusu ya sahani. Mada ya rangi, ya mavazi au ya mapambo ya meza haigusi sufuria, na mada isiyogusa sufuria haitabadilisha mazungumzo. Shemeji asiyependa kujionyesha yuko sahihi zaidi kuliko anavyojua, nami ningemtetea.

Anzeni na mada nyembamba. Watu hupenda kuanza na mada pana, kama vile "vyakula vya Pwani", halafu wakifika mezani wanakuta kila kilichomo kwenye menyu ni cha Pwani na mada haijawasaidia kuchagua chochote. Mada nyembamba ni kama pilau peke yake, katika vibanda viwili au vitatu vilivyo karibu, sahani moja kila mahali, mkila wote wawili kutoka sahani hiyo hiyo. Kabla hamjaonja, kubalianeni mtahukumu nini. Mimi hutazama mambo matatu kwenye pilau. La kwanza ni rangi: hudhurungi ya pilau inatakiwa itokane na vitunguu vilivyokaangwa polepole mpaka vikakaribia kuungua bila kuungua, na mpishi mwenye haraka huvitoa mapema, wali ukawa na rangi ya majani makavu, au huvipitiliza, wali ukawa mchungu. La pili ni punje, ambazo zinapaswa kuachana bila kuwa kavu. La tatu ni bizari nyembamba, ambayo inapaswa kutangulia puani lakini isitangulie mdomoni. Mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga huja nyuma yake kama wasindikizaji wa bwana harusi. Wewe wa Tanga utakuwa na vipimo vyako, na huenda shemeji akasema kipimo pekee ni ukubwa wa kipande cha nyama. Huo ndio ubishi ninaoutafuta.

Mada ya aina hii inawadai jambo moja ambalo walaji wengi hawalifikirii, yaani siku. Katika migahawa mingi ya Dar es Salaam pilau na biriani hupikwa kwa wingi Ijumaa, kwa ajili ya mchana baada ya sala, na mpishi anayepika sufuria kubwa kila Ijumaa huwa na mkono tofauti na yule anayepika sahani kumi Jumatatu kwa sababu ipo kwenye menyu. Kwa hiyo mada ya pilau ni ya Ijumaa mchana, si ya Jumamosi usiku, na kama kazi zenu haziruhusu, basi ombeni ruhusa ya saa mbili au chagueni mada nyingine. Hali ni hiyo hiyo kwa mama lishe: chakula chake kiko katika ubora wake kuanzia saa 6 hadi saa 8 mchana, na anayefika saa 10 akakuta maharage yamegandamana asimlaumu mama lishe, kwa sababu chakula kile hakikukusudiwa kumngojea.

Sasa nije kwenye utajiri ambao umeutaja kwa kupita tu, kama jambo lisilo na uzito: wewe ni wa Tanga na mwenzako ni wa Rombo. Wanandoa wengi hapa mjini wana makabila mawili ndani ya nyumba, wakala chakula cha kabila la tatu, yaani chipsi. Wekeni miezi miwili mfululizo, mmoja wa kwake na mmoja wa kwako, kwa sharti moja ambalo nimeliona likifanya kazi vizuri: mwenyeji wa chakula ndiye anayemwagizia mgeni, na mgeni haruhusiwi kutazama menyu wala kuuliza bei. Katika mwezi wake, shemeji akupeleke kwenye mgahawa wa Kichaga unaopika mtori na machalari, maana si kila mahali panapoandika "ndizi nyama" ubaoni pana mpishi anayejua ndizi ipi ni ya mtori na ipi ni ya kuchoma. Mtori mzuri hupondwa mpaka ndizi na supu ya nyama vinakuwa kitu kimoja, na akikuletea bakuli ambalo ndizi zinaelea kama mashua, mwombe aeleze. Katika mwezi wako tafuta anayepika samaki wa kupaka kwa tui zito, na kama utabahatika, anayesonga bada, ule ugali wa muhogo mkavu ambao mtu wa bara akiuona mara ya kwanza hudhani kuna ajali imetokea jikoni. Utamu wa miezi hii miwili ni kwamba kila mmoja atalazimika kumweleza mwenzake mambo ya utotoni ambayo katika miaka tisa hayakupata nafasi: nani alikuwa anapika, chungu kilikaa wapi, siku gani chakula kile kilipikwa na siku gani hakikupikwa hata kama vitu vyote vilikuwepo.

Hapo kuna tahadhari kuhusu kitimoto. Baa na migahawa kadhaa inayopika vizuri vyakula vya Kichaga huuza pia nguruwe. Baadhi hutenga jiko, visu na meza za kukatia, na baadhi hudai kutenga ilhali mchoma nyama ni mmoja na koleo ni moja. Usimuulize mhudumu, kwa sababu mhudumu atakujibu unachotaka kusikia. Nenda mwenyewe hadi kwenye jiko la mkaa ukatazame koleo ziko ngapi na zinakaa wapi. Kama una shaka, chagueni sehemu isiyouza kabisa, zipo nyingi.

Mada ninayoipenda kuliko zote, na ambayo nadhani itamvuta shemeji bila kumhamisha kutoka baa yenu, ni ya kihistoria. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta kutoka Tanja, Moroko, alishuka katika pwani yetu, akapita Mogadishu na Mombasa na kufika Kilwa. Bahati nzuri alikuwa mtu anayekumbuka alichokula. Anaeleza kwamba Mogadishu aliletewa wali uliopikwa kwa samli, umewekwa katika sinia la mti, pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kisha ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa mgando yaliyoletwa pamoja na ndimu za achari, pilipili za achari, tangawizi mbichi na maembe. Kuhusu Mombasa anasema watu wake hula zaidi ndizi na samaki. Mada yenyewe basi ni hii: kaeni baa au mgahawa wowote wa kawaida, na mle tu vitu ambavyo mtu wa Kilwa wa mwaka ule angeweza kuvipata.

Inaonekana rahisi mpaka mnapoanza kuagiza. Mahindi yalitoka Amerika, na yalifika kwetu baada ya Wareno kuanza kupita katika bahari hii mwaka 1498, kwa hiyo ugali wa sembe umeondoka. Viazi mviringo navyo vilitoka huko huko, chipsi zimeondoka. Muhogo, viazi vitamu, maharage, karanga, korosho, nanasi, papai, parachichi, vyote vimeondoka. Nyanya imeondoka, na pamoja nayo kachumbari imebaki vitunguu na ndimu, na rosti yoyote yenye rangi nyekundu imekosa mwenyewe. Kisha linakuja pigo linalowaumiza wengi: pilipili kali, ile tunayodhani ni yetu tangu enzi, nayo ni mgeni kutoka Amerika. Zile pilipili za achari alizozila Ibn Battuta haziwezi kuwa hizi zetu. Kwa maoni yangu zilikuwa pilipili manga mbichi, ambazo hukaa kwenye vishada, na ambazo wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi walikuwa wanazijua vizuri. Soda na bia sina haja ya kuzitaja, na chai pia haimo. Mnabaki na madafu au maji.

Lakini tazameni kilichobaki. Mbuzi wa kuchoma kwa chumvi na ndimu yupo. Ndizi za kuchoma zipo. Kuku yupo, samaki yupo, wali wa nazi upo. Kunde, choroko na mbaazi zipo, mlenda na bamia zipo, magimbi yapo, embe na ukwaju vipo, na ugali wa mtama au wa uwele upo kama mtaupata. Shemeji atagundua kwamba nyama yake haikuguswa, kilichoondolewa ni vyote vilivyokuwa vinaizunguka, na pengine kwa mara ya kwanza ataionja nyama ile bila kuifunika kwa pilipili. Mtabishana sana. Je, vitunguu maji halali? Halali. Je, karafuu? Miti ya karafuu ilipandwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, lakini viungo vya mbali vilikuwa vinasafirishwa baharini karne nyingi kabla ya hapo, kwa hiyo mtu anaweza kuzitetea na mwingine akazikataa, na hakuna hakimu pale baa wa kuwaamulia. Na mkifika kwenye ndizi zilizopikwa kwa maziwa, mwambie shemeji kwamba kitu kinachofanana na hicho, ambacho huenda alikilishwa na bibi yake Rombo, kiliwahi kuwekwa mbele ya mgeni wa heshima Mogadishu karibu miaka 700 iliyopita. Nimewahi kumwambia hivyo Mchaga mmoja, akaagiza sahani ya pili kwa fahari.

Kuhusu kauli yake kwamba chakula kisicho na nyama si chakula, nisingebishana naye kwa maneno. Ningempeleka mtaa wa Kisutu na mitaa inayoizunguka, karibu na mahekalu ya Wahindu, ambako kuna nyumba za chakula ambazo hazipiki nyama kabisa, na ambazo wapishi wake hawajawahi kuona mboga kama kitu cha kuziba pengo la nyama. Agizeni thali, sinia la chuma lenye vibakuli: dengu, mboga za aina mbili au tatu, chapati nyembamba, wali, achari, mtindi. Katika nyumba nyingi za namna hiyo mhudumu huzunguka akiongeza mpaka mtu ainue mkono. Mada ya mwezi huo iwe swali moja: ataikumbuka nyama saa ngapi? Aweke saa mezani na aseme kwa uaminifu. Akisema ameikumbuka dakika ya tano, ameshinda, na mwezi unaofuata achague yeye. Mwambie hivyo mapema, kwa sababu mwanamume akihisi anapelekwa kurekebishwa tabia, atakula achari peke yake kisha aombe mkapitie mishikaki njiani.

Mada za saa ni nyepesi, nazo ni nafuu. Hakuna sheria inayosema mtoko wa mke na mume uwe wa usiku. Supu ya makongoro iliyokaa jikoni tangu usiku, na chapati mbili, saa 1 asubuhi kabla mji haujachangamka, ni mtoko kamili, na mdogo wako atafurahi kubaki na watoto ambao bado wamelala. Jioni mnaweza kufanya matembezi ya kusimama: bakuli dogo la supu ya pweza barabarani, kisha kahawa chungu na kashata kijiweni. Pweza hupatikana zaidi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na miamba ikawa wazi, yaani siku zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa hiyo tazameni angani kabla ya kupanga.

Kwa mwezi ambao mko tayari kuamka mapema zaidi, nendeni soko la samaki la Feri. Kila mmoja ashike shilingi 10,000, muachane mlangoni, kila mtu anunue samaki kwa akili yake, mkutane baada ya nusu saa. Wewe wa Tanga utakuwa na faida, kwa hiyo mfundishe mwenzako kabla: macho ya samaki yawe angavu na yametokeza, mashavu yakifunuliwa yawe mekundu, na nyama ikibonyezwa irudi. Wakati wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi, bahari hutulia na samaki huwa wengi zaidi; kusi likivuma, bei hupanda na uchaguzi hupungua. Wapo pale pale watu wanaokaanga kwa malipo madogo. Patana bei ya kukaanga kabla samaki hajaingia kwenye karai, maana akishaingia huna tena nguvu ya kupatana. Mkiketi kula, mtakuwa mnahukumu samaki na pia mnunuzi, na hapo ndipo patamu.

Nirudi kwenye Jumamosi yenu ya mwisho wa mwezi. Iacheni. Kwa upande wa jikoni hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote: mishahara imetoka, meza zimejaa, mchoma nyama ana oda 40 mbele yake, na kuku ambaye siku nyingine angegeuzwa mara sita atageuzwa mara mbili. Muziki nao huwa juu, na mada yoyote inayohitaji mazungumzo itakufa ikishindana na spika. Ukumbi ule ule, jiko lile lile, siku ya Jumanne au Jumatano ya wiki ya pili, mpishi atatoka mwenyewe kuwauliza kama chakula kimekaa sawa. Kama ni lazima iwe Jumamosi kwa sababu ya mdogo wako, basi iwe ya katikati ya mwezi, mfike saa 12 jioni kabla ya wimbi.

Mambo ya kuagiza ni machache lakini yana uzito. Msiagize kila kitu kwa pamoja, kwa sababu kitaletwa kwa pamoja, kitapoa kwa pamoja, na mtamaliza katika dakika 20. Agizeni kimoja, mle, mzungumze, ndipo mwagize kingine. Isipokuwa nyama choma: hiyo pigeni simu saa nzima kabla, na semeni nusu kilo, maana kilo nzima ya mbuzi kwa watu wawili itawalazimisha kula kwa sababu imelipiwa. Samaki wa kuchoma muoneni kabla hajapikwa, na bei itajwe akiwa mbichi. Ombeni sahani tupu ya ziada mapema, ili mhudumu ajue mnagawana na asije akasimama pembeni akingojea oda ya pili. Na usafi tazameni kwa mambo mawili tu yanayoonekana: maji ya kunawa yanatiririka au yamekaa kwenye beseni, na chakula kinatoa mvuke au kinasubiri. Kachumbari na matunda yaliyokatwa zamani yanahitaji shaka zaidi kuliko supu inayochemka, hata kama supu hiyo inauzwa chini ya mti.

Shilingi 50,000 zinatosha, mradi msizitumie zote kila mwezi. Sahani ya mama lishe huwa kati ya shilingi 2,000 na 4,000 katika sehemu nyingi za mji, kwa hiyo mwezi wa mama lishe au wa supu hautafikisha hata nusu ya fungu lenu. Kinachobaki kiwekeni kando kwa ajili ya mwezi wa mbuzi au wa samaki mkubwa, na baada ya miezi sita hivi mtajikuta na nauli ya boti ya kwenda Unguja. Huko watu watawaelekeza Forodhani usiku, nanyi nendeni mkaone, lakini urojo muutafute mitaani alasiri, kwa wanaowapikia majirani. Nauli za hapa mjini huliwa zaidi na safari ya kurudi usiku kuliko ya kwenda, hivyo mada za mbali ziwe za mchana mkapande daladala au mwendokasi, na za karibu na Tabata ziwe za usiku mkarudi kwa bajaji. Tena tengeni shilingi 5,000 kila mwezi za kumfungashia mdogo wako chakula kile kile mlichokula. Nimeona mitoko mingi ikifa kwa sababu anayebaki na watoto alianza kupata udhuru, na kifuko cha pilau chenye moto kina ushawishi mkubwa katika jambo hilo. Kisha naye atakuwa na maoni, nanyi mtapata hakimu wa tatu.

Swali lako la mwisho ni nani apange, nami ningeligawa kazi hiyo pande mbili zisizokutana. Mmoja atoe mada, mwingine achague mahali, na mwezi unaofuata mbadilishane. Anayetoa mada haruhusiwi kutaja mgahawa, na anayechagua mahali haruhusiwi kubadilisha mada, hata kama anaiona ya kipuuzi. Ukipanga vyote viwili wewe, shemeji atakuwa mgeni mwalikwa, na mgeni mwalikwa hutoa simu mfukoni. Umpe yeye mada ya kwanza, kisha uvumilie. Huenda akasema "kuku", kwa sababu amezoea kuku. Ikubali, na kwa kuwa mahali ni pako, mpeleke kwa mama anayepika kuku wa kienyeji wa mchuzi wa nazi, uketi, uagize sahani moja ya watu wawili, na umwulize kama yule wa baa alikuwa kuku kweli.